Skonzi ya Bwana Masharubu

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mapaa, Chiriku alitoka nyumbani akiwa ameshikana mkono na baba yake. Jina la Chiriku alipewa na bibi yake, maana mtoto huyo alianza kuongea akiwa bado anatambaa, na tangu hapo hakuna aliyemsikia akinyamaza. Mama alikuwa amekwisha tangulia kwenye kiwanda cha nguo. Kwa hiyo Chiriku alimfuata baba kazini, akakaa kwenye benchi la ukumbini mpaka kengele ya shule, ng'ambo ya barabara, ilipolia.

Kazi ya baba ilikuwa kutunza panya. Wenzake Chiriku walipoambiwa hivyo darasani walicheka mpaka wakashika mbavu, kwani kwao panya ni wa kufukuzwa kwa ufagio. Lakini hawa walikuwa panya weupe wa kituo cha utafiti wa dawa. Walilala juu ya maranda safi ya mbao, wakanywa maji kwenye chupa, na kupimwa uzito kama watoto wachanga wa kliniki.

Panya hao walikuwa na ugonjwa wa sukari, uleule wa bibi. Vizimba vyao vilipangwa pande mbili. Wa upande wa kushoto walipewa maji matupu. Wa kulia, karibu na mlango, walinyweshwa maji yaliyochemshiwa majani ya kichaka kinachoota kwenye nyua za watu. Watu wengi waliyanywa majani hayo wakiamini kwamba yanashusha sukari, ila hakuna aliyekuwa na hakika. Daktari wa utafiti, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa akiitafuta hakika hiyo. Bibi naye aliisubiri kwa hamu.

"Yale majani yenu yamefikia wapi?" alimwuliza baba kila jioni.

"Bado, mama. Usiyaguse kwanza."

Chumba cha panya hakikuingiwa bila koti, glavu na ruhusa. "Benchi lako ni hili," baba alimwambia Chiriku tangu siku ya kwanza. "Mlango ule si wako." Lakini mlango ulikuwa na kioo, na nyuma ya kioo alikuwamo panya mmoja mwenye masharubu marefu kuliko ya wenzake wote. Kila Chiriku alipochungulia, panya huyo alimtazama kana kwamba wana ahadi. Chiriku akamwita Bwana Masharubu.

"Usiwape majina," baba alimwonya. "Ukishampa jina, umejitafutia kilio."

Alikuwa amechelewa. Jina lilikwisha shika.

Asubuhi moja Chiriku aliona vibakuli vya chakula vimeondolewa. "Baba, leo hawajala?"

"Leo wanapimwa. Niliwaondolea chakula jana jioni. Daktari akishapata tone la damu mkiani, watakula."

"Lakini wana njaa."

"Wana njaa," baba alikubali. "Hata mimi sipendi kuwaona hivyo." Akachukua chupa tupu, akaenda kuziosha nyuma ya jengo.

Bwana Masharubu alisimama kwa miguu ya nyuma, mikono yake midogo ikiwa imeshika nyaya na pua ikimchezacheza. Ndani ya mkoba wa Chiriku mlikuwa na skonzi ya mapumziko, bado laini. Alitazama upande huu, akatazama upande ule. Kisha akausukuma mlango.

Alimega kipande, akakipenyeza kati ya nyaya. Panya wa vizimba vya jirani wakaja mbio, na Chiriku, ambaye hakuwa na mkono wa birika, hakuweza kumpa mmoja na kuwanyima wengine. Aliwapa wote wa upande wa kulia. Upande wa kushoto hakufika, skonzi ilikuwa imekwisha. Siku hiyo alishinda shuleni na tumbo tupu, na hata hiyo njaa ilimfurahisha, kwa sababu aliijua imetoka wapi. Kila siku ya kupimwa ilipofika, alifanya vilevile.

Baada ya muda, jioni moja, baba alirudi nyumbani akaketi bila kuvua viatu.

"Majani yanapandisha sukari," alisema. "Panya wanaoyanywa wana sukari nyingi kuliko wasioyanywa."

Bibi aliweka kikombe chini. "Kumbe ni sumu?"

"Daktari haamini. Mkuu wa kituo anasema, ama majani ni mabaya, ama mimi sikuondoa chakula siku za kupimwa. Nimeambiwa nikae nyumbani mpaka ijulikane." Alivua kiatu kimoja, akakishika mkononi kana kwamba amesahau kazi yake. "Mimi niliondoa, mama. Niliondoa kila mara."

Chiriku alisikia yote, ila hakuyaunganisha. Aliyaunganisha asubuhi iliyofuata, mezani. Bibi alijitoboa kidole kama kawaida, akakipaka damu kipimo chake, na mama akaitazama namba na kukunja uso.

"Mama, umekula nini?"

"Sijala kitu. Nimekunywa chai tu, kikombe kimoja."

"Chai ya sukari?"

"Sasa chai ya chumvi ipo?"

"Ndiyo hiyo chai unayoiona hapa kwenye kipimo," mama alisema. "Tulikwambia upime kwanza, ndipo unywe."

Bibi alicheka kidogo kwa aibu. Chiriku hakucheka. Alikirudisha kipande cha mkate sahanini, akaikumbuka ile skonzi ya Bwana Masharubu.

Siku zilizofuata hakuna aliyesikia sauti yake. Bibi alimgusa paji la uso akidhani ana homa. Shuleni mwalimu alimwuliza swali la hesabu alilolijua vizuri, akainamia daftari. Alichotaka ni kurudisha ile skonzi, na hilo halikuwezekana. Ilikuwa imeliwa, damu ilikuwa imepimwa, namba zilikuwa zimekwisha fika kwa Mkuu. Alifikiri kumsubiri Daktari njiani amwambie, akaona haya. Alifikiri kunyamaza mpaka yasahaulike, lakini akirudi nyumbani alimkuta baba akirekebisha komeo la mlango ambalo halikuwa na ubovu wowote. Baba alilifungua, akalifunga, akalifungua tena.

Lililomuuma zaidi ni kwamba baba alianza kujitilia shaka. "Labda nilisahau," Chiriku alimsikia akimwambia mama jikoni. "Mtu huwezi kukumbuka kila jioni. Labda nazeeka."

"Wewe hukusahau."

"Basi nani? Kesho nitakwenda nimwambie Mkuu kwamba nilisahau. Wakinifukuza, wanifukuze. Angalau majani yasitupwe bure."

Chiriku aliingia jikoni. Alikuwa amepanga maneno mengi mazuri, yote yakamtoroka mlangoni.

"Ni mimi," alisema. "Niliwapa skonzi."

Mama aliacha kuosha sufuria. Baba alivuta kigoda, akaketi mbele yake.

"Kila mara?" baba aliuliza.

"Kila mara. Walikuwa na njaa."

Baba alijifuta uso kwa viganja. "Na mimi nilikuacha peke yako karibu na mlango usiofungwa kwa ufunguo. Hilo ni langu. Lakini la skonzi utalisema mwenyewe."

Kesho yake Daktari aliwapokea akiwa amesimama katikati ya chumba chake, mezani kukiwa na mafungu ya majani makavu. Chiriku aliongea akiyatazama majani hayo. Daktari hakumkatiza. Alipomaliza, Daktari alivua miwani na kuketi.

"Uliwapa upande gani?"

"Wa kulia. Skonzi haikutosha."

"Kama ungewapa wa kushoto," Daktari alisema polepole, "unajua kingetokea nini? Ningeona majani yanafanya maajabu. Ningeshangilia. Watu wangeacha dawa zao za hospitali wakayanywa, na bibi yako angekuwa wa kwanza. Yote hayo kwa sababu ya skonzi tu."

Machozi yalimtiririka Chiriku. "Niliwahurumia tu."

"Najua. Sikulaumu kwa kuwahurumia. Lakini huruma yako uliifanya kwa siri, na jambo likifanywa kwa siri hapa ndani, namba hutudanganya sote. Ungemwuliza baba yako. Ungeniuliza hata mimi." Alivaa tena miwani. "Vipimo vile vyote nitavitupa. Tutaanza upya, na baba yako atarudi kazini leo. Ila hawa panya, Chiriku, sasa itabidi wanyimwe chakula tena, mara zote zile, tangu mwanzo."

Hilo Chiriku hakuwa amelifikiria. Lilimchoma kuliko mengine yote.

Siku ya kwanza ya kupima upya ilipofika, mlango wa chumba cha panya ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa baba. Chiriku alisimama mbele ya kioo. Mkobani mwake mlikuwa na skonzi, lakini hakuufungua. Bwana Masharubu alimwona, akaja mbio, akashika nyaya na kusubiri.

"Baba, anajua kwamba atakula baadaye?"

"Hajui," baba alisema. "Yeye anachojua ni njaa. Sisi ndio tunaojua kwa nini ana njaa, kwa hiyo sisi ndio tusio na ruhusa ya kuiharibu kazi hii. Ukimtia mwenzio kwenye shida kwa ajili ya ukweli, basi huo ukweli uulinde."

Daktari alipita na koti lake jeupe, akaingia. Chiriku alibaki ameegemeza paji la uso kwenye kioo mpaka tone la mwisho likapimwa. Ndipo baba alipomvalisha koti lililomfika vifundoni na glavu zilizompwaya, akampa bakuli la chakula na kumfungulia mlango.