Ganzi Aliyoificha Mama

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Lavender alimjazia mama yake daftari la hospitali. Mama yake, Bathsheba, mchumaji chai wa Ikonge, alikuwa na saratani ya koo. Hospitali moja mjini Kisii ilikuwa ikimjaribia dawa mpya, yeye na wagonjwa wengine saba tu. Dawa ilikuwa ngeni hata kwa madaktari wenyewe, na hawakuwa wamejua bado ni kipimo gani kinachofaa. Ndiyo maana walitaka habari za kila siku.

"Niandike nini leo, Mama?"

"Andika naendelea vizuri," mama alijibu, kama jana na juzi.

Jumatatu moja mama aliipua sufuria ya uji kwa mikono mitupu. Hakushtuka wala hakuitupa. Aliitua mezani taratibu, akaanza kutafuta vikombe. Aliyepiga yowe ni Lavender, kwani ngozi ya vidole vya mama ilikuwa imebabuka, na mwenyewe hana habari!

"Mama, husikii umeungua?"

Mama alivitazama vidole vyake kana kwamba ni vya jirani. "Vina ganzi tangu mwezi jana. Hata chai naichuma kwa kukisia. Lakini usiandike, omwana one, mwanangu, nakuomba. Wakijua watanitoa kwenye dawa. Wakinitoa, nani atakulea?"

Lavender aliandika 'naendelea vizuri'. Tangu siku hiyo hakula akashiba. Akisema kweli, mama atanyimwa dawa afe. Akinyamaza, huenda dawa yenyewe ikamuua. Mtoto wa miaka kumi na miwili aubebe mzigo huo peke yake? Alikonda hadi mwalimu wake akadhani ana malaria.

Shule zilipofungwa, alimsindikiza mama Kisii. Siku hiyo Daktari Machogu alikuwa amewaita wagonjwa wote wanane wakae naye, wamweleze jinsi ambavyo wangependa kuhudumiwa.

"Mnaendeleaje?" aliwauliza kwa upole.

"Vizuri sana, Daktari!" waliitikia kwa pamoja.

Vizuri gani? Mama alikuwa ameficha mikono ndani ya leso. Mzee Abner, mfugaji kutoka Nyansiongo, alikuwa amefunga vifungo vya shati upogoupogo. Daktari alianza kuandika. Lavender aliogopa, lakini alisimama.

"Daktari, mimi nimeandika uongo. Vidole vya mama vina ganzi. Aliungua asijue. Tafadhali msimtoe!"

Mama alimkazia macho, Lavender akatamani ardhi ipasuke immeze. Kisha Mzee Abner akakohoa.

"Mtoto amesema kweli. Hata mimi siwezi tena kukamua ng'ombe. Lakini Daktari, na wewe una makosa. Unatuuliza kama mtu anayetusalimia njiani, na sisi tumelelewa kujibu salamu vizuri. Niulize kama nimekamua. Muulize huyu mama kama amechuma chai. Hapo ndipo utasikia."

Wengine wawili wakakiri kwamba nao wana ganzi. Daktari alikata alichokuwa ameandika, akaanza upya, akiwauliza mmoja mmoja wangependa daftari liwe na maswali gani. Halafu akaja kuvikagua vidole vya mama.

"Mama Lavender, sitakutoa kwenye dawa eti kwa sababu ukweli umejulikana," alimwambia. "Nitapunguza kipimo. Ganzi isipopungua, tutakaa tena tuamue pamoja. Siwezi kukuahidi kwamba dawa hii itakuponya, maana sijui. Lakini ungezidi kunyamaza, ungepoteza vidole, na kesho ningempa mtu mwingine kipimo hicho hicho nikidhani ni salama."

Mama alibubujikwa na machozi. Lavender alijua anakwenda kugombezwa, akainamisha kichwa. Badala yake mama alimvuta karibu.

"Niliogopa kufa, nikakufundisha uongo. Nisamehe, mwanangu. Hata sasa bado naogopa. Lakini kuanzia leo tutasema kweli tukiwa na hofu hiyo hiyo. Mgonjwa akificha panapouma, daktari atatibu nini?"