Jiwe Linalokonyeza

Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka lake la nafaka, Mizani alifuta mizani yake kwa kitambaa safi. Jina hilo la utani alipewa na wateja. Mteja akilalamika kwamba mchele wake umepunjwa, Mizani hakubishana naye. Alisema tu, "Weka juu tuone." Mchele uliwekwa, mshale ukasimama, ubishi ukaisha.

Alikuwa mtu mwaminifu, hilo hakuna aliyelikataa. Ila aliamini kwamba kila kitu duniani kinaweza kuwekwa juu kikaonekana.

Mke wake alikuwa fundi cherehani. Alishonea katika chumba cha nyuma cha duka hilohilo, karibu na dirisha. Kidoleni alivaa pete aliyoachiwa na marehemu mama yake. Pete hiyo ilikuwa na kito cha kijani, kidogo kuliko punje ya hindi. Mama yake alipenda kusema, "Hili jiwe linanikonyeza." Na kweli lilikonyeza. Mkono uliposogea kufuata kitambaa, jiwe lilimeta, likatulia, likameta tena. Mke wa Mizani alikuwa akishona huku akitabasamu peke yake.

Siku moja lori la mahindi lilifika, na wapakuzi hawakutokea. Mizani alimwita mkewe aje kumsaidia kushusha magunia.

"Ngoja nivue pete," mke alisema.

"Ah, njoo tu! Dereva ana haraka."

Jioni walipomaliza, pete ilikuwa na tundu tupu. Walipepeta mahindi kwa ungo, gunia baada ya gunia. Walifagia sakafu, wakachunguza hata vumbi. Jiwe halikuonekana.

Mke hakumlaumu. Laiti angemlaumu! Aliitia pete kwenye kopo la vifungo, akalifunika. Tangu siku hiyo alishona bila kutabasamu. Mizani alimwona hivyo kila alipoingia chumba cha nyuma kuchukua mifuko, na ilimuuma sana. Akaanza kuweka akiba ili anunue jiwe jingine.

Akiba ilipokuwa ya kutosha, alikwenda mtaa wa wauza vito. Mama mmoja aliyening'iniza miwani shingoni alimkaribisha. Aliwasha taa kali juu ya meza, akatandika kitambaa cheupe, akaweka mawe mawili ya kijani.

"Hili ni karati moja na nusu," alisema. "Na hili ni karati mbili na nusu."

"Karati ndiyo uzito?"

"Ndiyo, baba. Vito tunavipima kwa karati."

"Na bei?"

"Yote mawili bei moja."

Mizani nusura acheke. Bei moja, uzito tofauti! Hata mtoto mdogo angejua la kuchagua. Yeye, mtu wa biashara tangu ujana wake, hakujiuliza kwa nini kitu kizito kiuzwe kwa bei ya chepesi. Alichukua lile zito.

"Umeliangalia vizuri?" yule mama aliuliza.

"Nimeliangalia."

"Haya. Ukitaka kubadilisha, lilete kabla halijafungwa kwenye pete. Likishafungwa, silipokei tena."

Mizani alirudi dukani kwake amefurahi. Kwa kuwa hapakuwa na mtu, aliliweka jiwe juu ya mizani yake ya kupimia mchele. Mshale haukutikisika. Mizani alikohoa, akatazama huku na huku, akalirudisha jiwe mfukoni.

Kisha akaingia chumba cha nyuma. Mkewe alipoliona jiwe, alisimamisha cherehani. Aliliweka juu ya kidole chake, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akaligeuza tena.

"Ni kubwa," alisema taratibu. "Asante sana, mume wangu."

Mizani alisubiri tabasamu. Halikuja.

"Vipi? Rangi si yenyewe?"

"Rangi ni nzuri. Labda ni macho yangu tu."

Alikuwa anaona ngozi ya kidole chake katikati ya jiwe, lakini hakutaka kumvunja moyo mtu aliyejinyima kwa ajili yake.

Kesho yake walikwenda wote wawili kwa mdogo wa mke. Huyo alikuwa fundi wa kukata vito, na pia alivifunga kwenye pete. Hapo mwanzo Mizani hakumwomba ushauri kwa sababu moja tu: shemeji huyo alikuwa na ulimi, na Mizani hakupenda kuchekwa.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja. Bamba la mviringo lilikuwa likizunguka juu ya meza, na maji yalidondoka juu yake kutoka kwenye kopo lililotobolewa. Shemeji alizima mashine na kufuta mikono. Alilishika jiwe kwa kibano, akatoka nalo hadi mlangoni penye mwanga wa mchana.

"Shemeji," alisema, "hili umelinunua kwa kilo?"

"Kwa karati," Mizani alijibu kwa kujiamini. "Mbili na nusu."

"Nilijua tu! Dada, nipe hilo gazeti."

Aliliweka gazeti juu ya kigoda, na juu ya maandishi akaliweka jiwe, uso wake ukiwa juu.

"Dada, tazama katikati ya jiwe. Unaona nini?"

Mke aliinama. "Naona herufi. Naweza hata kuzisoma."

"Basi macho yako ni mazima. Hapo katikati mafundi tunapaita dirisha. Mwanga unaingia kwa juu, unatokea kwa chini, unaenda zake. Haurudi machoni mwako. Jiwe likikatwa vizuri, pande zake za chini huwa na mteremko unaofaa. Mwanga ukiingia unagonga huku, unagonga kule, halafu unarudi juu. Hapo ndipo jiwe linapowaka."

"Ndiyo sababu lile la mama lilikuwa linakonyeza?"

"Ndiyo, dada." Shemeji alijibu kwa sauti ya chini. Pete ile ilikuwa ya mama yake pia. "Aliyelikata alikuwa fundi kwelikweli."

Kisha akalinyanyua jiwe na kulilaza ubavu mbele ya Mizani.

"Sasa na wewe, litazame kwa ubavu."

"Limetoka tumbo," Mizani alisema.

"Na tumbo hilo litakaa wapi?"

"Ndani ya pete."

"Litaonekana?"

Mizani alilitazama tena lile tumbo. Alikuwa anaelewa, na alichoelewa hakikumfurahisha. Aliishika kofia yake, akaivua, akaivaa tena.

"Ni kama mahindi yaliyolowa," alisema mwishowe. "Mtu anakupimia gunia, uzito upo, kumbe sehemu ni maji. Mimi mahindi ya hivyo siyapokei hata siku moja!"

"Basi leo umeyapokea, tena kwa mikono miwili," shemeji alisema, na mke wa Mizani akashindwa kujizuia, akacheka.

"Kwa hiyo yule mama ni mwizi?"

"Polepole, shemeji. Ulimuuliza nini?"

"Uzito."

"Na uzito amekupa. Vito vinauzwa kwa karati, kwa hiyo wakataji wengine hawataki kuondoa tumbo. Wanaogopa karati zitapungua. Ni juu ya mnunuzi kutazama mkato."

"Huwezi kulikata upya?"

"Naweza. Ila jiwe linaweza kupasuka kwenye bamba, na mimi siwezi kukuahidi kwamba halitapasuka. Anakubali kubadilisha?"

"Kabla halijafungwa."

"Basi rudi. Mimi silifungi."

Alitoa mawe mengine kwenye sanduku lake, akawafundisha kuyatazama. Moja lilikuwa na weusi pembeni ambao haukuwaka hata walipoligeuza. Hapo pia, alisema, mwanga umepotea. Jingine ncha yake ya chini ilikuwa imekaa upande, kwa hiyo nusu moja iliwaka na nusu nyingine ililala. La tatu lilikuwa na mikwaruzo ya kung'arishwa kwa haraka.

"Lakini msitafute jiwe lisilo na kasoro, mtazeeka njiani," aliongeza. "Weusi kidogo unapatikana karibu katika kila jiwe. Na mawe ya rangi hayakatwi kwa namna moja. Lililokolea sana huenda likakatwa jembamba kidogo ili lisiwe jeusi. Ninyi ligeuzeni polepole. Kama sehemu kubwa ya uso wake inawaka, na rangi mnaipenda, hilo linafaa. Tena lioneni nje. Taa za dukani zinapamba kila kitu."

"Twende wote basi," Mizani alisema.

"Hapana. Nendeni na macho yenu. Na chukueni pete mkapime."

Yule mama muuza vito aliwapokea bila kinyongo. Alilikagua jiwe, akalirudisha kwenye sanduku. Mizani aliulizia lile jingine, la karati moja na nusu.

"Limenunuliwa jana, baba."

Moyo wa Mizani ulishtuka. Aliona amelikataa jiwe sahihi na sasa limekwenda. Lakini mama alitoa mengine matatu.

"Tunaomba tuyaone mlangoni," Mizani alisema. "Na kama una gazeti, weka juu tuone."

Mama alivaa miwani yake, akamtazama. "Heh! Leo umekuja na macho."

La kwanza lilikuwa na rangi nzuri mno, lakini herufi zilisomeka katikati yake. La pili lilikuwa kubwa, na karibu nusu ya uso wake ilikuwa nyeusi. La tatu lilikuwa dogo kwa uzito kuliko yote. Mke aliligeuza polepole. Liliwaka upande mmoja, likawaka katikati, likawaka upande wa pili. Herufi hazikuonekana.

"Hilo ni karati moja na robo," mama alisema. "Bei ni ileile ya lile ulilorudisha."

Nusu ya uzito kwa pesa ileile! Mizani alihisi kama mtu anamchotea mchele kwenye gunia lake. Aliomba lile zito litolewe tena, akayaweka yote mawili kando kwa kando, nyuso zikiwa juu. Akatoa macho. Upana wa nyuso hizo ulikuwa karibu sawa.

"Huo uzito mwingine wote ulikuwa wapi?" aliuliza.

"Tumboni," mkewe alimjibu.

Mke aliliweka jiwe dogo juu ya tundu la pete. Lilikaa vizuri. Aliusogeza mkono wake kidogo, kama anayefuata kitambaa kwenye cherehani, na jiwe likakonyeza. Mizani hakulitazama jiwe. Alimtazama mkewe usoni.

"Tunachukua hili," alisema.

Shemeji alilifunga siku hiyohiyo. Alipomaliza aliishika pete kwa muda mrefu kabla ya kumpa dada yake, na safari hiyo hakuwa na utani.

Tangu siku hiyo, wateja wa cherehani walioisifia pete ya mke wa Mizani waliletewa gazeti. Mizani mwenyewe alisitisha kupima maharage aje kueleza habari za dirisha na tumbo. Wengine walichoka kusikiliza, lakini jirani mmoja aliyekuwa anatafuta kito cha bluu alilikwepa jiwe bovu kwa sababu ya maelezo hayo.

Asubuhi moja lori la mahindi lilisimama nje. Wapakuzi walikuwa pungufu tena. Dereva alipiga honi, akapiga tena. Mke aliinuka kwenye cherehani, akakunja mikono ya gauni lake, akaenda mlangoni.

Mizani alimzuia.

"Vua pete kwanza."

"Dereva ana haraka," mkewe alisema.

"Atasubiri."

Mke alimtazama, na tabasamu lile la zamani likarudi usoni mwake. Alivua pete, akaifuta kwa pindo la kitambaa, akaiweka kwenye kopo la vifungo. Nje honi ililia mara ya tatu. Mizani alisimama palepale akiwa ameshika kifuniko, akangoja mpaka pete ilipokaa vizuri, ndipo akalifunika kopo.