Viini Alivyomwekea Muthama

Tone la kwanza la mafuta lilimtua Wanjugu kifuani, juu ya gauni lake jipya la manjano, katikati ya umati wa maonyesho ya Jamhuri Park. La pili likamtua puani.

"Wewe! Unaona umenifanya nini?"

Kijana aliyekuwa akizungusha mkono wa mashine aliuachia. Alikuwa mrefu, amevaa ovaroli ya buluu iliyopigwa pasi ikanyooka kama ya kwenda kanisani.

"Pole sana, madam. Hii paipu imekaa tangu asubuhi bila kuona mtu amevaa poa."

"Ni paipu iko na mdomo hivyo, ama ni wewe?"

Watu wakacheka. Wanjugu alitaka kununa, ila harufu ya yale mafuta ilimshika, tamu kama ya mahindi ya kuchoma.

"Haya ni mafuta ya nini?"

"Mahindi."

"Usinibebe ujinga, bana. Sisi tuko na posho mill Waithaka. Nasaga mahindi kila siku na sijaona mafuta."

"Na kile kiini cha punje, mkikoboa kinaenda wapi?"

"Kinatoka na pumba. Tunauzia watu wa ng'ombe."

"Basi ng'ombe za Waithaka ndio zinakula mafuta yenu. Naitwa Muthama. Hii mashine nimeitengeneza mwenyewe. Nipe namba, nikununulie sabuni ya hiyo dress."

Namba alipewa. Sabuni haikununuliwa hata siku moja, lakini simu! Mwaka huo wa 2006 kadi za kukwaruza zilimtoka Muthama mpaka mafundi wenzake wa Kirinyaga Road wakamcheka. Mchana wakikutana mjini walikula chipsi sahani moja, na Wanjugu alirudi Waithaka akitabasamu peke yake.

Tatizo lilikuwa mama. Kinu kilikuwa chake, na Muthama alihitaji pembe moja tu ya kuweka mashine yake karibu na viini. Wanjugu naye alimhitaji Muthama mwenyewe. Mama aliwasikiliza wote wawili, akafunga leso vizuri kiunoni.

"Mimi siingizi mashine ya mtu hapa, wala mtu mwenyewe, kabla sijaonja chapati ya hayo mafuta."

Kabla ya hiyo chapati, Muthama akapata kazi ya wiki tatu Makueni. Wanjugu alimkumbuka kwa mikono. Kila jioni alichekecha pumba, akatenga viini, akawafukuza watu wa ng'ombe. Alijaza magunia matatu, akayafunga kwa kamba nyekundu, akayapanga stoo chini ya mabati.

"Nimekuwekea kitu," alimwambia kwa simu.

"Nini, mpenzi?"

"Rudi kwanza."

Alirudi Jumamosi. Wanjugu alifungua kamba moja mwenyewe, akicheka. Muthama alitia mkono guniani, akaunusa, akaufuta kwenye ovaroli.

"Hizi zote ni zangu?"

"Zote. Watu wa ng'ombe wamenuna."

Akamkumbatia kwa nguvu. Walipoponzeka ni hapo. Akapasha viini moto, akakamua magunia mawili kimya kimya, na Wanjugu akadhani ni uchovu wa safari.

Jumapili mama alitoka kanisani na gauni lake la maua, akaketi, akamega chapati. Akatafuna mara mbili. Akaitema kiganjani.

"Haya ni mafuta ama ni dawa ya ng'ombe?"

Muthama alisimama. "Ni makosa yangu, Mum. Mashine yangu bado."

Akaondoka. Wanjugu aliungua kwa aibu, na jioni akapiga simu.

"Kwa show ulikuwa umeweka mafuta ya duka, si ndiyo?"

"Ni mashine, Wanjugu. Nisamehe."

"Umeniaibisha kwa mamangu! Usinipigie tena."

Naye hakupiga. Wanjugu alisaga mahindi ya watu huku akimkumbuka mtu aliyemkataza mwenyewe asipige simu.

Halafu siku moja akaja Mbuthia, mfugaji wa pale karibu, mteja wao wa zamani. Wanjugu akamburutia lile gunia lililobaki. Mbuthia alilifungua, akanusa, akalifunga tena.

"Dada, hii imechacha. Viini havikai, vina mafuta mengi. Unadhani mbona tulikuwa tunachukua kila siku?"

Wanjugu alitia pua guniani. Harufu kali ya rangi ya kupaka nyumba ilimpanda kichwani. Kabla ya magunia hayo, viini havikuwahi kulala kinuni siku mbili, angejulia wapi? Lakini Muthama alinusa. Alijua, na akaibeba lawama yote peke yake. Akakaa chini palepale na kutafuta simu.

"Muthama. Ulijua viini vimeharibika."

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Vile ulikuwa unafungua ile kamba na furaha? Singeweza."

"Kwa hivyo nikuchukie siku kumi juu ya gunia?"

"Kumi na moja."

Wanjugu alicheka na machozi yakimtoka. "Kesho asubuhi nakoboa. Leta mashine. Na unisikize, babe: kitu yangu ikinuka, sema inanuka. Uongo tena sitaki, hata wa mapenzi."

Kesho yake viini vilitoka kwenye chekeche moja kwa moja hadi kwenye sufuria ya moto, kisha mashineni. Mafuta yalitiririka ya dhahabu, na Waithaka ikanukia. Wanjugu alikanda na kupika mwenyewe. Mama alitafuna polepole, akamaliza, akachukua ya pili.

"Weka hiyo mashine pale kwa kona," alisema. "Isizuie mlango."

"Na mwenyewe, Mum?" Wanjugu aliuliza.

"Mwenyewe alete wazee wao, tuongee."

Akatoka na chapati yake. Wanjugu alirukaruka kwa furaha, lakini Muthama bado alikuwa anatafuna.

"Na wewe? Chapati yangu iko aje?"

"Mafuta ni tamu."

"Sijauliza mafuta."

Muthama aliutazama mlango, akamtazama yeye, akameza kwa shida.

"Ni ngumu, mpenzi. Ngumu sana."

Wanjugu aliangua kicheko hadi akashika ukuta.

"Sasa waite hao wazee," alisema, akamwongezea nyingine.