Mungu Aliyenuka Mkojo

Walimfukizia ubani asubuhi, wakamfukizia na jioni, na bado chumba cha mungu kilinuka mkojo.

Vettia ndiye aliyeanza kuisikia harufu ile. Alikuwa mke wa mwana wa nyumba, mzazi mchanga, kifua kimemjaa maziwa. Kwanza akamshuku paka, akamtimua. Kisha akamshuku mtoto, akamfunua; binti wa watu mkavu. Akasogea kwenye sanamu ya mungu, akanusa, akarudi nyuma ameziba pua kwa ukaya wake.

Nani asiyemjua mungu huyo hapa mjini Puteoli? Alikuwa Obellius, mfua nguo. Nguo zetu hung'arishwa kwa mkojo uliolala, na Obellius alianza maisha akiukanyaga kwenye mabeseni, miguu mitupu, mpaka akatajirika akanunua watumwa wa kumkanyagia. Akafa kwa mwiba wa samaki aina ya mkunga uliomkwama kooni mbele ya wageni, macho yamemtoka kama chura. Haya, niambieni, mungu gani anauawa na samaki?

Lakini mjane wake, Plotilla, alikuwa na roho ya makuu. Watawala wa Roma wakifa hutangazwa miungu, wakajengewa na mahekalu, naye akasema, "Wamemzidi nini mume wangu?" Akamchongesha sanamu ya marumaru: mwili wa Herkule, kifua kama mlango, mapaja kama nguzo, na juu yake kile kichwa cha Obellius, upara na kidevu cha mikunjo. Wageni walikuwa wakijiuma midomo wasicheke. Tena akampata jirani mmoja, Fadius, akaapa hadharani kwamba ameiona roho ya Obellius ikipaa mbinguni. Ujira wake bata bukini. Mbingu yenyewe hiyo, inanunuliwa kwa paja la bata!

Haya yote yangekuwa kichekesho tu, ila Plotilla alifanya kosa. Kwetu, maiti akishatolewa, mrithi hushika ufagio kwa mkono wake akafagia nyumba nzima, kutoka ndani mpaka nje ya kizingiti, ili marehemu atoke na asipate pa kurudi. Kisha watu huenda kaburini wakamlilia na kumwachia chakula chake cha wafu. Plotilla akapiga marufuku.

"Mungu anafagiwa kama makombo?" alisema. "Na atakayelia nitamcharaza. Mungu haliliwi!"

Mwanawe, Marullus, mwanamume mzima na ndevu zake, akaitika, "Ndiyo, mama."

Baada ya harufu, maziwa ya Vettia yakaanza kukauka. Mtoto akanyonya hewa, akalia. Mwisho akaacha hata kulia, shingo imelegea kama ua lililokatwa. Na kila siku maziwa yalitoweka saa ileile, jua la utosi, wakati mji mzima umefunga madirisha na kujilaza.

Siku moja Vettia alikuwa kitandani, mtoto kwapani, akasikia kitu ukumbini: chwapu. Kimya. Chwapu, chwapu, kama mtu anayekanyaga nguo ndani ya beseni, polepole, bila haraka, akipita mlango mmoja na mwingine, na harufu ikatangulia mbele yake ikijaza chumba mpaka macho yakawasha, na Vettia akataka kupiga kelele lakini ulimi ulikuwa umeganda, akataka kuinuka lakini mwili umekuwa gogo, akabaki kutazama godoro likibonyea ubavuni pake kwa uzito wa mtu asiyeonekana, kisha midomo baridi, minene, yenye pumzi ya samaki, ikamshika ziwa ikaanza kufyonza, na mtoto, maskini, akageuza macho akamtazama anayemmalizia chakula chake.

"Njaa," kitu kikanong'ona. "Njaa."

Alipoachiwa, Vettia alikimbilia kwa mama mkwe.

"Mama, baba amekuja kitandani kwangu. Ananyonya. Mtoto anakufa, mama!"

Plotilla alikuwa akipakwa rangi ya mashavu. Hata hakugeuka. "Wanawake wangapi wametembelewa na mungu? Ungeshukuru."

"Mtoto anakufa!"

"Utazaa mwingine. Huyu wa kike tu."

Vettia akamwendea mumewe. Marullus akajikuna kichwa. "Lakini mama kasema..."

"Mama kasema, mama kasema! Wewe waliwahi kukuachisha ziwa kweli, au ndiyo ukoo wenu wote wa wanyonyaji?"

Hakungoja jibu. Akamwita Paquia, mganga wa Kimarsi, kabila la wajuzi wa nyoka, anayeuza nyoka sokoni, akamwingiza kwa mlango wa bustani. Paquia akaitazama sanamu kutoka upara hadi vidole, akatema mate.

"Nimefukuza waliochinjwa, nimefukuza waliozama. Huyu ndiye wa kwanza kuvimba kichwa. Mlimfagia?"

"Hapana, bibi."

"Mlimlilia?"

"Tulikatazwa."

"Basi mmefuga maiti, mwanangu, na mnamlisha moshi. Moshi unashibisha? Anakula palipo na chakula. Afagie mrithi mwenyewe, na amwite kama mtu. Akimwita mungu, hata mara moja, hatoki tena."

Kesho yake Plotilla alikwenda kuoga kwenye bafu la mji. Vettia akambandika Marullus ufagio mkononi.

"Nikikataa?"

"Nitapita mtaa kwa mtaa nikisema baba yako anamnyonya mkeo na wewe umelala."

Akafagia. Alianzia chumba cha sanamu, jasho linamtiririka, na alipofika ukumbini ufagio ukawa mzito, kama anasukuma gunia lililolowa, na mbele ya ufagio maji ya manjano yakatokea sakafuni yakirudi nyuma, chwapu, chwapu, yakijaribu kupenya kati ya miguu yake kurejea ndani, na sauti ya baba yake ikamwita mwanangu, mwanangu, na Marullus akafungua kinywa, "Ewe mu—"

Vettia akamfinya mpaka akalia.

"Obellius!" akabweka Marullus. "Mfua nguo! Umekufa! Toka!"

Maji yakavuka kizingiti. Pale pale mtoto akalia, kilio cha njaa, kikali, kitamu, na Vettia akahisi maziwa yakimlowesha nguo.

Lakini barabarani alikuwa amesimama Plotilla, ametoka kuoga, mafuta yanang'aa shingoni. Akatazama maji yale miguuni pake. Akanusa. Uso ukamkunjuka kama bibi harusi.

"Wamekutoa nje, mungu wangu?" alisema. "Twende ndani. Utakula kwangu."

Akaingia, na nyuma yake chwapu, chwapu.

Vettia hakuchukua hata viatu. Alipitia bustanini na mtoto kifuani, akakimbia mpaka kwa baba yake, mwoka mikate wa bandarini. Huko maziwa hayakukatika tena, na shingo ya mtoto ikasimama.

Siku chache baadaye Marullus akabisha hodi. Vettia akafungua mlango kidogo, mguu ameuweka nyuma yake. Mumewe alikuwa amekonda, anatabasamu kijinga.

"Mama amekufa," alisema. "Tumemkuta kitini, amesinyaa kama tini iliyosahaulika juani. Nimeshamwita mchongaji. Mwili tutamchongea wa Venus, mungu wa uzuri."

"Mmefagia?"

"Vettia! Mungu hafagiwi."

"Na kilio?"

"Hapana." Akachungulia juu ya bega la mkewe, akalamba midomo. "Mtoto yuko wapi? Mama ananisumbua kila mchana. Anamtaka mjukuu wake."

Vettia akakaza mguu, akaubamiza mlango, akatia komeo.

"Mwambie," alisema kwa ndani, "ale moshi."