Mkono Juu ya Transfoma

Hakuwa na cheti. Hakuwa na karakana, ila meza moja kando ya dirisha la sebule. Hakuwa na mita ya kupimia umeme, wala hakutaka kuazima. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilikuwa hakina kucha. Na katika maneno yote aliyojaliwa, na alijaliwa mengi, hakuwa na neno moja dogo: "sijui."

Mtaani walimwita Fundi Sikio. Alitengeneza kwa mikono yake amplifaya, mashine za kukuza sauti ya gitaa, zile za valvu, yaani taa za kioo kama za redio za zamani. Alijisifu kwamba sikio lake linatosha kuzirekebisha. Nyumba yao ilikuwa na amani. Asubuhi yeye alilehemu, mkewe alishona, na shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikaa kizingitini akipapasa nyuzi za gitaa. Mngepita mngedhani hawa watu hawajawahi kununiana.

Siku moja shemeji akaja mbio.

"Shem! Bendi ya ukumbini inataka mpiga gitaa. Nasikilizwa Jumamosi mchana. Lakini kila mtu aje na amplifaya yake."

"Hilo niachie mimi," akasema Fundi. "Jumamosi watakuomba upunguze sauti."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kosa liko hapa. Amplifaya ile ilikuwa na valvu mbili za nguvu zinazofanya kazi kwa zamu, kama watu wawili wanaovuta msumeno mmoja. Zisipolingana, moja hulemewa. Kati ya valvu hizo na spika hukaa transfoma, ambayo hupokea nguvu ya valvu na kuipeleka kwenye spika. Fundi alichukua valvu moja mpya na moja iliyochoka, akaziwasha, akazitazama. "Zinawaka sawa," akasema, akaridhika. Transfoma akaing'oa kwenye redio kuukuu.

Mkewe akaweka kiganja juu ya transfoma ile, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Mume wangu, hii inachoma."

"Ni joto la kazi. Hata wewe ukifua unatoka jasho."

"Mimi nikifua sinuki kuungua."

"Mama, shona nguo zako."

Jumamosi, nyimbo mbili zilikwenda vizuri. Katika wimbo wa tatu sauti ilianza kukoroma kama mtu mwenye mafua. Valvu moja ikawa nyekundu tumboni, moshi ukatoka, kisha kimya. "Jamani, gitaa linapika nini?" mtu mmoja akapaza sauti, na ukumbi mzima ukacheka. Shemeji alibaki amesimama, vidole bado viko kwenye nyuzi.

Hapo Fundi angeweza kuomba radhi tu. Lakini ujuaji ni ugonjwa mbaya, ndugu zangu.

"Umepiga kwa nguvu mno," akamwambia kijana walipofika nyumbani.

Shemeji alitia gitaa kwenye begi lake, akafunga zipu, akalisimamisha nyuma ya mlango. Kesho yake alikwenda kutafuta kazi ya kubeba mizigo. Kizingiti kikabaki kitupu. Mkewe akawa anampakulia Fundi chakula bila neno, na nyumba isiyo na neno ni ndefu kuivuka, hata ikiwa ya vyumba viwili.

Siku ya nne mkewe alisema, "Umemuunguzia mdogo wangu nafasi yake, kisha ukamuunguza moyo. Nimekwenda kwa mkuu wa bendi. Amekubali kumsikiliza tena wiki ijayo, mara moja tu. Na nimempelekea ujumbe Bibi Mita."

Fundi akaruka. Bibi Mita! Walisoma pamoja masomo ya jioni ya ufundi wa redio. Ni yeye aliyemsahihisha mbele ya darasa, na tangu siku ile Fundi hakurudi tena.

Bibi Mita alishuka kwenye basi akiwa na miwani minene na mkoba uliojaa nyaya na mita ya kupimia umeme. Akasubiri umeme uliobaki ndani ya amplifaya uishe, ndipo akaigusa.

"Mwenzangu, hizi valvu mbili ulizilinganishaje?"

"Zilikuwa zinawaka sawa."

"Kuwaka zote zinawaka. Mimi nauliza, kila moja inakula umeme kiasi gani?"

Fundi alifungua kinywa. Jibu la kubuni lilikuwa tayari. Kisha akamwona shemeji yake mlangoni, bega moja limechubuka kwa magunia, akisikiliza.

"Sijui," akasema Fundi.

Cherehani ikasimama. Mkewe akainua uso.

"Vizuri," akasema Bibi Mita. "Sasa tunaweza kuanza kazi. Na hii transfoma, maskini, ilizaliwa kubeba redio ya sebuleni. Wewe umeibebesha ukumbi!"

Wakapima valvu kumi na nane kutoka kwenye boksi la Fundi, moja moja, wakiandika kila kipimo kwa penseli, mpaka wakapata mbili zinazolingana. Bibi Mita akapiga hesabu ya transfoma mpya kufuatana na valvu zile na spika ile. Mkewe ndiye aliyeizungushia waya, kwa gurudumu la cherehani yake, akihesabu kwa sauti mizunguko elfu moja na mia nane. Kwenye mia sita na arobaini Fundi alitaka kusema kitu. Mkewe akainua kidole tu. Fundi akanyamaza, na inasemekana ilikuwa mara ya kwanza.

Wakawasha, shemeji akapiga saa nzima. Mkewe akaweka kiganja.

"Vuguvugu," akasema. "Kama paji la uso la mtoto mzima."

Wiki iliyofuata mkuu wa bendi alisikiliza nyimbo zote tano bila kutikisa kichwa. Mwishowe akamwambia shemeji, "Mazoezi Jumatano, saa kumi. Usichelewe."

FUNZO

Ndugu zangu, ujuaji hauli mjuaji peke yake. Hula nafasi ya kijana, maneno ya mke na amani ya nyumba nzima. Usipojua, uliza, hata kama wa kuulizwa ni yule aliyekushinda darasani. Na mwenzako akikuambia kitu kinachoma, weka mkono wako nawe upime. Tuwashukuru wanaotusahihisha, tungali tunao.

Fundi alishukuru hivi. Alikaa mezani kwake, nyuzi za gitaa zikilia tena kizingitini, akaandika: "Bibi Mita, dada yangu, sikujua. Ahsante kwa kunipimia. Darasa la jioni likifunguliwa, niwekee kiti karibu na chako." Akamsomea mkewe. Mkewe akasema asibadilishe hata nukta. Basi akaikunja barua, akalamba bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka gundi ikashika, akaipeleka posta mwenyewe kwa miguu.