Umesema Soda, Nimeleta Soda

Sogeeni karibu. Mwenye maneno yake ayaweke mfukoni kwanza, maana leo nina yangu.

Tanga mjini, katika nyumba yenye mlango wa kijani, kulikuwa na mtoto anaitwa Saumu. Meno yake mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka. Lakini ulimi ulikuwepo, tena wote.

Saumu aliishi na Bibi yake na kaka yake, Hemedi. Kulikuwa na jambo moja alilolitaka kuliko pipi, kuliko hata baiskeli. Saumu alitaka kutumwa dukani.

Lakini kila siku alitumwa Hemedi.

"Hemedi, chumvi."

"Hemedi, kiberiti."

"Hemedi, sabuni ya kufulia."

Na Saumu je? "Wewe bado mdogo," alisema Bibi. Jana mdogo, leo mdogo. Saumu alikuwa amechoka kuwa mdogo.

Basi siku moja Hemedi alikwenda kunyoa nywele. Bibi alibaki jikoni na sufuria ya maharage. Maharage yalichemka, yakachemka, yakachemka. Bado yalikuwa magumu kama kokoto.

"Haya maharage yana kiburi," alisema Bibi. Akatazama huku, akatazama kule. Hemedi hayupo.

"Saumu, kimbia dukani, kaniletee soda."

Saumu hakusubiri Bibi aseme mara ya pili. Wewe ungesubiri?

Chapa, chapa, chapa, kandambili zikalia njiani. Saumu alilishika lile neno mdomoni lisidondoke. "Soda, soda, soda."

Paka akampita. "Soda."

Mbuzi akamwambia mee. "Soda."

Mtu mmoja akamuuliza, "Unakwenda wapi, we mtoto?" Saumu akamjibu, "Soda." Hakutaka kuchanganya maneno.

Duka lilikuwa la Bi Thuwaiba. Bi Thuwaiba alichungulia juu ya meza yake, akaona nywele tu.

"Shikamoo, Bi Thuwaiba."

"Marahaba. Leo umekuja na nani?"

"Nimekuja na mimi," alisema Saumu. "Naomba soda."

"Ya rangi gani?"

Mh. Bibi hakutaja rangi. Saumu akafikiri kidogo. "Ya chungwa," akasema, kwa sababu mtu aliyetumwa lazima awe na jibu.

Akarudi na chupa yake, kaishika kwa mikono miwili. Hakuitikisa. Hakuionja, na jua lilikuwa kali kweli kweli.

"Bibi, soda yako hii hapa."

Bibi akaitazama chupa. Akaitazama sufuria. Akamtazama Saumu.

"Sasa hii nini tena, mjukuu wangu?"

Mara Hemedi akaingia, kichwa kinang'aa. Alipoiona ile chupa alicheka mpaka akakaa chini.

"Bibi alitaka magadi soda," alisema. "Ule unga mweupe wa kulainisha maharage. Sasa maharage yatakunywa hii kwa mrija?"

Bibi hakucheka. Alikuwa na njaa, na maharage yalikuwa bado magumu.

"Hukusikiliza, Saumu," alisema. "Kesho atakwenda Hemedi. Wewe bado mdogo."

Loo. Maneno yale yalimuuma Saumu hapa, katikati ya kifua. Machozi yakaja mpaka mlangoni. Saumu akayarudisha yalikotoka.

Akashika kiuno. Akasema:

"Umesema soda. Nimeleta soda. Sikukosea."

"Umekosea," alisema Hemedi.

"Sikukosea."

"Umekosea, bwana."

"Sikukosea, bwana."

Bibi akashika kichwa. Akamtuma Hemedi dukani, na Hemedi akaenda kifua mbele, kama mtu anayekwenda kupewa zawadi. Mnamjua mtu wa namna hiyo? Mimi namjua.

Akarudi na magadi soda kwenye kikaratasi. Bibi akachota kidogo tu, akatia kwenye sufuria.

Fuuu. Povu likapanda. Maharage yakaanza kuacha kiburi.

"Umeona?" alisema Hemedi. "Soda ndiyo hii."

Saumu akautazama ule unga. Ulikuwa mweupe, mkavu, kimya. Haukufanana na chupa yake hata kidogo. Lakini kukubali? Saumu hakukubali.

Akachota unga kidogo, akauweka kwenye kisahani. Pale jikoni palikuwa na kipande cha ndimu. Saumu akakikamua juu ya unga kwa nguvu zote, kwa sababu mtu mwenye hasira lazima akamue kitu.

Psssss.

Unga ukatoa mapovu. Saumu akaruka nyuma. Halafu akasogea tena, akautazama vizuri.

Akachukua chupa yake. Akazungusha kizibo.

Psssss.

"Sikilizeni," alisema Saumu. "Ya kisahani inasema psss. Ya chupa inasema psss. Hawa ni ndugu."

Akashika kiuno tena.

"Umesema soda. Nimeleta soda. Sikukosea."

"Soo da," ilisema sauti mlangoni.

Wote wakageuka. Alikuwa Mwalimu Haruka, mpangaji wao wa chumba cha uani. Mwalimu Haruka alitoka Japani, na alifundisha hesabu shule ya sekondari. Kiswahili chake kilitembea polepole, lakini kilifika.

Hemedi akacheka tena. "Hata Mwalimu naye anataka soda."

"Hapana," alisema Mwalimu Haruka. "Kwetu Japani, soo da si ya kunywa. Tunasema soo da, maana yake, ndivyo hivyo." Akamwinamia Saumu. "Bibi amesema soda. Saumu ameleta soda. Soo da."

Saumu akahisi amerefuka. Hakurefuka kweli, lakini wewe usimwambie.

"Haya, Mwalimu," alisema Bibi, "usimtie kiburi huyu. Nina maharage yenye kiburi tayari." Lakini akamsogezea kigoda, na Mwalimu Haruka akakaa.

"Zamani sana," alisema Mwalimu Haruka, "katika nchi za mbali, watu walichoma mmea unaoota penye chumvi. Wakachukua majivu yake."

"Majivu ya nini?" aliuliza Saumu.

"Ya kutengenezea sabuni. Ya kutengenezea vioo pia. Majivu hayo yakaitwa soda."

"Nani aliyaita hivyo?"

"Wengine wanasema jina lilitoka kwa Waarabu, ni jina la mmea wenyewe. Wengine wanabisha. Hakuna mwenye hakika."

Saumu alifurahi kusikia kwamba hata watu wazima wanabishana juu ya soda.

"Na ya chupa?" aliuliza Hemedi. Alikuwa ameacha kucheka sasa.

"Ya chupa ilikuja baadaye. Watu walitumia unga wa soda kutia mapovu kwenye maji ya kunywa. Wakayaita maji ya soda. Wakatia sukari. Wakatia rangi. Unga wakauacha, jina wakabaki nalo."

Saumu akaitazama chupa. Akakitazama kisahani.

"Kumbe chupa ni mtoto wa unga," alisema.

"Soo da," alisema Mwalimu Haruka.

Bibi naye akakuna kichwa. Akanyoosha mkono dirishani, akachukua kichupa kidogo chenye mafuta. Ndiyo mafuta aliyompaka Hemedi kifuani kila akikohoa.

"Na haya je?" alisema Bibi. "Haya ni mafuta ya habasoda. Zile mbegu ndogo nyeusi. Ni Kiarabu hicho. Haba ni mbegu. Na soda, hapo, ni nyeusi."

Hemedi akakamua ndimu juu ya tone moja la mafuta. Wakangoja. Kimya. Hakuna psss.

"Hiyo si ndugu yao," alisema Saumu. "Wamefanana jina tu."

Mtadhani mambo yaliishia hapo. Wapi. Hemedi hakuwa mtu wa kushindwa upesi.

"Sawa, soda ziko nyingi," alisema. "Lakini Bibi alikuwa anapika maharage. Kila mtu anajua maharage yanataka magadi. Saumu amekosea tu."

Bibi akatingisha kichwa polepole. "Hapo Hemedi ana neno."

Kama Hemedi ana neno, basi kesho atatumwa Hemedi. Na keshokutwa Hemedi. Na Saumu atabaki mlangoni, mdogo siku zote.

Saumu akavuta pumzi. Hakupiga kelele. Hakulia.

"Bibi," alisema, "mimi naitwa nani?"

"Unaitwa Saumu. Ulizaliwa mwezi wa saumu, watu wamefunga. Nani asiyejua?"

"Na kile kilichomo kwenye kinu?"

Bibi akachungulia kinu. "Kitunguu saumu."

"Sasa, Bibi," alisema Saumu. "Ukimwambia Hemedi, nitwangie saumu, atanitwanga mimi?"

Hata sufuria ilikuwa kama inasikiliza.

Hemedi akakitazama kinu. Akamtazama Saumu.

Bibi akaanza kucheka. Alicheka taratibu, halafu akacheka kwa nguvu, halafu akajifuta macho. Mwalimu Haruka naye akacheka, ameziba mdomo kwa mkono.

"Mtoto huyu," alisema Bibi. "Mtoto huyu ananishinda."

"Umesema soda," alisema Saumu. Yeye hakuwa anacheka. "Nimeleta soda."

Bibi akaacha kucheka. Akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na macho ya Saumu.

"Ni kweli," alisema. "Nilisema neno nusu, halafu nikataka uniletee zima. Masikio yako ni mazima, mjukuu wangu. Nisamehe."

"Sikukosea?"

"Hukukosea."

"Na kesho anakwenda nani?"

Bibi akamtazama Hemedi. Akamtazama Saumu.

"Utakwenda wewe."

"Peke yangu?"

"Peke yako."

Hapo ndipo Saumu alipocheka. Alicheka kwa lile pengo lote la mbele, mpaka mbuzi wa jirani akaitikia mee.

Maharage yakaiva. Yalikuwa laini, yana nazi, yananukia hadi barabarani. Wakala na wali, wote wanne.

Soda ya chungwa wakaigawa kwenye vikombe. Saumu ndiye aliyemimina. Psss, kikombe cha Bibi. Psss, kikombe cha Mwalimu. Psss, kikombe chake. Cha Hemedi alikimimina mwisho kabisa, maana hasira haziishi siku moja.

"Tamu," alisema Hemedi.

"Najua," alisema Saumu. "Niliileta mimi."

Jua likatua. Mwalimu Haruka akaaga, akaenda chumbani kwake. Hemedi akatandika kitanda. Bibi akajinyoosha, kwa sababu kubishana na mtoto kunachosha.

Kibaridi kidogo kikaingia dirishani.

"Saumu," alisema Bibi, macho yamefumba nusu, "nenda chumba cha pili, kaniletee kanga."

Saumu hakwenda. Alisimama pale pale, akashika kiuno.

"Kanga ipi, Bibi? Ya kujifunika, au yule wa kutaga mayai?"

Bibi akafumbua jicho moja. Hemedi akajifunika mto usoni, mabega yanatetemeka.

"Ya kujifunika, mama," alisema Bibi. "Ile ya bluu. Iko juu ya sanduku."

"Haya," alisema Saumu. "Sasa umesema."

Chapa, chapa, chapa. Akaenda kuileta, peke yake, na hakuna aliyemwambia yeye ni mdogo.