Douglas wa Kiboko

Siku ya soko posta ya Nunguni hujaa watu hadi mlangoni, na siku ile ya mwaka 1979 Kalunde, mwendeshaji wa simu, alikuwa amechoka kuuliza watu majina. Mbele yake akasimama kijana wa shati la maua na suruali pana chini, akitaka kupiga simu Kiboko kwenye shamba la utafiti, alikokuwa karani.

"Jina?"

"Douglas Kiilu."

"Douglas ndio nini? Kwa Biblia haimo."

"Ni maji meusi. Kwao Skoti ulikuwa mto, watu wa huo mto wakaitwa hivyo, ikawa jina la ukoo. Siku hizi wanapea vijana. Mzungu aliyechimba bwawa letu alikuwa Bwana Douglas. Nilizaliwa wiki ile lilijaa, na maji yalikuwa meusi tititi. Baba akaona jina ni hilo."

"Kwa hivyo wewe ni bwawa."

"Mimi ni bwawa, madam. Chota."

Kalunde alicheka mpaka foleni ikanung'unika.

Tangu hapo Douglas alipiga simu kila jioni kabla posta haijafungwa.

"Kalu wangu, umekunywa chai?"

"Nikunywe na nani?"

"Vumilia. Mwezi wa nane nakuja kwenu na wazee na mbuzi."

Kalunde akashonesha gauni la rangi ya maziwa, lenye mikono ya kupuliza.

Mwezi wa saba akaja mwanamke na mtoto mgongoni.

"Nipigie Kiboko. Nataka Douglas."

"Douglas nani? Huko wako wawili."

Mwanamke akatazama chini. "Yule karani. Jina la pili siwezi kutaja. Ni la baba mkwe."

Hakuna aliyehitaji kumweleza Kalunde. Mke wa Kikamba hataji jina la baba mkwe hata akifinywa. Na mke wa boma la Kiilu anayemtafuta Douglas ni nani, kama si mke wa Douglas? Akachomeka waya, akaunganisha simu, akavua visikizio ili asisikie neno.

Hakulia. Alikula, akalala, Jumapili akaimba kwaya, na kifuani hamkuwa na kitu. Douglas alipopiga, alijibu, "Laini ni mbovu," akachomoa waya. Gauni akampa dada yake Syokau, na hata halikumuuma. Mwezi wa nane ukaja, ukaenda.

Mvua za Novemba zilipoanza, Douglas akaja mwenyewe. Alimkuta Kalunde amekaa kwenye benchi barazani mwa posta, saa ya chakula cha mchana.

"Kalunde, nimekukosea wapi?"

"Bibi yako alipiga simu hapa. Alikataa kutaja Kiilu."

"Alikuwa na mtoto mgongoni? Huyo ni Mutindi, bibi ya kaka yangu Kisilu!"

"Wewe huna kaka."

"Niko naye. Aliacha kanisa, baba akamfukuza, akasema asitajwe tena kwetu. Nikanyamaza mpaka nikazoea. Mutindi alitaka niwaombee msamaha. Nilikuficha, Kalu. Hapo nilikosa."

Kalunde akangoja furaha ije. Haikuja. Alimwamini, neno kwa neno, lakini moyo wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

"Bado nataka kuleta mbuzi," Douglas akasema.

"Mimi sisikii kitu, Douglas. Si hasira, si mapenzi. Nikisema ndio saa hii nitakuwa nakudanganya."

"Basi nitangoja huko Kiboko."

"Kiboko ni mbali." Kalunde akasogea, akamwachia nafasi kwenye benchi. "Ngojea hapa."

Douglas akaketi, udongo mwekundu umemfika magotini, na hakuuliza ni mpaka lini.